Mchele wa Mbarali kwenda Zambia: cheti cha COMESA hakitumiki
Umeuliza kama mchele wa Mbarali unaweza kuingia Zambia kwa unafuu wa ushuru ukiwa na cheti cha COMESA (Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika). Hapana. Tanzania ilijitoa mwaka 2000, Zambia ikabaki. Pitia SADC (Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika), maana nchi zote mbili zimo. Chukua cheti cha uasilia cha SADC (kinachoonyesha bidhaa imezalishwa wapi) pale TCCIA, chemba ya biashara, viwanda na kilimo, kabla gari halijaondoka, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu). Kinachokwamisha wengi Nakonde, mpakani upande wa Zambia, ni uzito au namba ya HS (namba ya forodha ya aina ya bidhaa) kutolingana na ankara. Cheti kikikataliwa, mnunuzi wako anatozwa ushuru kamili. Na mchele wa Asia uliofungwa upya Mbeya usiuombee unafuu: kubadili gunia si uzalishaji. Mpaka wa Kasumulu kwenda Malawi, vivyo hivyo.