Modeli ya dagaa inapatia kwa asilimia 97, mbona msimamizi ameikataa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa tatu, sayansi ya kompyuta, nyumbani ni Ujiji. Mradi wangu wa kuhitimu ni modeli ya kutabiri kama usiku fulani kipe (chombo cha kuvulia dagaa kwa taa) kitapata dagaa wengi au wachache. Nina rekodi za mwalo mmoja hapa Kigoma, 2021 hadi 2023. Kila mstari ni kipe kimoja kwa usiku mmoja: tarehe, idadi ya taa, umri wa mwezi, upepo, bei ya ndoo asubuhi na kiasi kilichovuliwa. Modeli inapatia kwa asilimia 97. Msimamizi kaitazama kidogo tu, akasema data imevuja, nianze upya. Imevujaje?

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako yuko sahihi, na pa kuanzia ni safu ya bei. Vipe vinaingia alfajiri, wachuuzi wanatupia jicho mzigo, ukiwa haba ndoo inapanda bei palepale. Bei hiyo imezaliwa na samaki unaotaka kuwatabiri, kwa hiyo modeli imepewa majibu pamoja na maswali. Pitia kila safu ukijiuliza: jioni, wavuvi wakiwa wanajiandaa kuingia ziwani, namba hii ninayo mkononi? Kama huna, itoe. Bei ya jana ruksa.

Ukishaitoa, usahihi utashuka, lakini bado utakudanganya, maana nahisi umegawa data ya mafunzo na ya majaribio kwa train_test_split, amri ya scikit-learn, kama ilivyo. Hiyo huchanganya mistari yote kwanza ndipo igawe. Sasa chukua vipe 20 vya usiku mmoja: mwezi uleule, upepo uleule, pengine hata kundi lilelile la dagaa. Kumi na sita vikienda kwenye mafunzo na vinne kwenye majaribio, modeli haitabiri chochote, inakumbuka usiku ambao imeshauona. Fundisha kwa 2021 na 2022, jaribu kwa 2023. Ukitaka majaribio kadhaa, panga kwa tarehe utumie TimeSeriesSplit, amri inayogawa data kwa mfuatano wa wakati, ila angalia: inahesabu mistari, haijui usiku ni nini, inaweza kuukata usiku mmoja katikati. Hakikisha mpaka unaangukia kati ya siku na siku.

Halafu kuna mbalamwezi. Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti, ndiyo maana vipe vingi vinapumzika. Mtoto wa Katonga, kwa wavuvi hapa Kigoma, anayajua haya bila kompyuta. Kwa hiyo andika kanuni yake kama mpinzani wa modeli yako: giza, wengi; mbalamwezi, wachache. Ipime kwa data ileile ya 2023. Kanuni ikipata 78 na wewe ukapata 80, andika hivyohivyo. Mimi nikisahihisha, 80 yenye mpinzani wake pembeni naipa alama nyingi kuliko 97 iliyokaa peke yake.

Umri wa mwezi nao usiuache kama namba tupu. Mzunguko ni siku 29.5, kwa hiyo siku ya 29 na ya 1 ni majirani, ila modeli inaziona ziko mbali kabisa. Zidisha umri kwa 2π, gawanya kwa 29.5, kisha weka sine na cosine ya jibu kama safu mbili. Na kwenye taa, kama rekodi zinaonyesha, tenganisha karabai na za betri. Kuzihesabu pamoja hakukuambii mwanga ulikuwa kiasi gani.

Ukiamua kuongeza data ya 2024, kumbuka uvuvi upande wetu wa ziwa ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Usiku huo usiujaze sufuri, uondoe kabisa. Sufuri ni ya kipe kilichoingia ziwani kikarudi kitupu.