Nusu saa ya kukabidhiana ni ya nani? Maswali ya wauguzi

Zamu yangu inaanza saa 1:30 asubuhi, lakini nalazimika kufika saa 1:00 kupokea wagonjwa. Nusu saa hiyo inahesabiwa?

Inapaswa kuhesabiwa. Pendekezo Na. 157 la Shirika la Kazi Duniani (ILO), la mwaka 1977, linasema muda wa kupanga kazi na wa kupokea na kutoa maelekezo ni saa za kazi. Kupita kitanda kwa kitanda mkiangalia dripu, kisha kuhesabu ampuli (vichupa vya dawa za sindano) zilizofungiwa kabatini, ndiyo kazi yenyewe. Haki hupotea kwa sababu ratiba huonyesha saa 1:30 tu. Andikeni kwenye kitabu cha ripoti saa ya kupokea na ya kukabidhi, mtie saini wote wawili. Nusu saa ya kuingia na nusu ya kutoka, kwa zamu 22, ni saa 22 kwa mwezi: karibu zamu tatu nzima.

Maagizo ya ILO yanaifunga serikali?

Mkataba Na. 149 wa wauguzi unaifunga nchi iliyouridhia. Tanzania iliuridhia 1983, Kenya 1990. Pendekezo ni mwongozo tu, lakini ni hoja nzito mezani chama kinapojadiliana na mwajiri.

Inchaji (msimamizi wa wodi) anatupanga usiku saa 14 kwa kuwa tuko wachache. Ni sawa?

Si sawa. Pendekezo linataka saa 8 kwa siku, na hata pamoja na za ziada zisizidi 12, isipokuwa kwa dharura maalumu. Uchache wa kila mwezi si dharura. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara nayo inaishia saa 12 kwa siku. Ziada isizidi saa 50 katika wiki 4, ilipwe mara moja na nusu. Kagueni pia mapengo: anayetoka saa 2 asubuhi na kurudi saa 8 mchana amepumzika saa 6 badala ya 12 zinazotakiwa kati ya zamu, na jumla ya wiki haitalionyesha hilo.

Nina mimba ya miezi saba na bado napangwa usiku.

Pole, dada. Sheria hiyohiyo inakataza kumpanga mjamzito usiku kuanzia miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, au mapema zaidi ukiwa na cheti cha daktari. Peleka barua na nakala ya kadi ya kliniki, ubaki na nakala yenye mhuri.

Nimejichoma sindano ya mgonjwa. Nianzie wapi?

Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue wala usitie jiki. Mwambie inchaji papo hapo. Upimwe VVU, uulizie chanjo ya homa ya ini B, na dawa kinga ya VVU ianze ndani ya saa 72, ikiwezekana saa za mwanzo, kwa siku 28. Hakikisha ajali imeandikwa siku hiyohiyo, kwani bila maandishi fidia huwa ngumu. Wengi huchomwa wakirudishia kifuniko cha sindano, au wakishindilia kisanduku cha kutupia sindano kilichokwisha kupita robo tatu. Kikifika hapo, kifungwe na kuletwa kingine.