Mtoto wa miaka sita kwenye mbio za matope za hisani: anaweza, ila mwandalie haya

Dada, umeuliza kama binti yako wa miaka sita ataziweza mbio za matope za kuchangia utafiti wa saratani, ilhali hapendi hata vidole kuchafuka. Sisi tuko Manchester, na mwanangu alishiriki kwa mara ya kwanza akiwa na umri huohuo pale Heaton Park, kwenye Race for Life, mbio za hisani za Cancer Research UK, shirika la utafiti wa saratani la Uingereza. Mbio hizo zilianza 1994 Battersea Park, London, zikiwa za wanawake tu. Tangu 2019 ni za kila mtu. Za matope, zenye vizuizi vya kupita njiani kama wavu na handaki, huitwa Pretty Muddy, na watoto wana zao. Hakuna anayesaka ushindi, kwa hiyo mbio zenyewe zisikuumize kichwa. Mtoto anayeweza kucheza kombolela mpaka magharibi anatosha kabisa.

Cha kukushughulisha ni baridi. Hata Julai, mtoto akishalowa kisha akasimama kwenye foleni ya kizuizi, anatetemeka. Usimvalishe pamba, inashika maji na kuwa nzito. Mvalishe taiti, fulana ya michezo ya mikono mirefu na raba za zamani zinazombana vizuri, kamba uzifunge fundo mbili maana matope yanavua viatu. Nywele msuke twende kilioni siku moja kabla; matope yakikaukia kwenye nywele zetu ni kazi ya jioni nzima. Kwenye gari weka taulo, nguo kavu, mfuko wa nguo chafu na dumu la maji ya uvuguvugu.

Mfundishe pia kufumba mdomo. Nevada, Marekani, mwaka 2012, watu 22 waliugua kuhara kwa bakteria wa Campylobacter baada ya mbio za vizuizi, na uchunguzi ukaonyesha uhusiano na kumeza maji ya matope. Kama ana kidonda kibichi, subirini mbio nyingine. Na asile hata biskuti kabla hajanawa kwa sabuni. Vitakasa mikono havifanyi kazi vizuri kwenye mikono yenye tope.

Kuhusu kuogopa uchafu, sisi tulianzia uani siku ya mvua, nguo za kuchezea, hakuna wa kumkaripia. Halafu tukakubaliana kuwa kizuizi chochote asichokitaka atakipita pembeni, na hataulizwa kwa nini. Alikataa kuingia kwenye handaki lenye giza, tukalizunguka. Kwenye wavu alitambaa mwenyewe, akatoka upande wa pili, akageuka kumvuta mkono mtoto aliyekwama nyuma yake. Nakuomba sana, usimsukume hata kwa utani. Mtoto aliyeingizwa kwenye matope kwa nguvu mwaka huu, mwakani hutampata.

Halafu hela, na hapa ndipo mwanangu alipokomaa. Bibi yake alitibiwa saratani ya titi hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, na bado anameza vidonge vya tamoxifen kila siku. Akaniuliza, "Mama, hela hizi zitamfikia Bibi?" Nikamwambia hapana, haziendi Dar, zinaenda kwenye utafiti. Lakini nikamweleza kuwa kidonge kile cha Bibi kilitengenezwa hapahapa Uingereza mwaka 1962, katika kampuni ya ICI, na majaribio ya mwanzo kwa wagonjwa wa saratani ya matiti yalifanyika hospitali ya Christie, matokeo yakachapishwa 1971. Christie iko kusini mwa Manchester, Heaton Park kaskazini. Basi kila mchangiaji, kuanzia jirani hadi mwalimu wake wa madrasa, aliambiwa, "Bibi yangu anakunywa dawa ya Manchester." Mwache binti yako aombe kwa maneno yake mwenyewe, watu huguswa zaidi.

Wachangiaji wanaolipa kodi ya mapato Uingereza waambie waweke alama ya Gift Aid, mpango wa serikali wa kurudishia mashirika ya hisani kodi: shirika linapata peni 25 za ziada kwa kila pauni, na wao hawaongezi kitu. Ndugu wa nyumbani wasiolipa kodi huku wasiiweke.

Masharti ya umri, kimo na mtu mzima wa kuambatana naye yasome kabla hujamwahidi. Ukikwama kwenye kujiandikisha, uliza hapahapa, nitakusaidia.