Kazi, masomo na marafiki: usigawe sawa kwa sawa

Mdogo wangu, umesema mchana uko kazini, jioni darasani, na washkaji wanalalamika siku hizi unaringa. Pole aisee, ila hapo kwenye kutaka kugawa muda sawa kwa vyote vitatu ndo unajiumiza bure, haigawanyiki hivyo. Wiki ya mitihani masomo yanakula kila kitu na ni sawa tu, wiki nyingine kazi.

Cha kwanza, ratiba ya mitihani ikitoka tu mpelekee bosi siku hiyohiyo, usingoje zibaki siku 3 uanze kuomba ruhusa kwa kubembeleza, maana akishapanga zamu hata kama anakupenda hana pa kukuweka. Kusoma nako acha kukesha, nusu saa kila siku inakaa kichwani kuliko saa 5 za usiku mmoja, na mtu mzima anahitaji kulala angalau saa 7, usipolala hata ulichosoma hakishiki.

Sasa marafiki. Wengi hawataki muda wako mwingi kihivyo, wanachukia kimya. Ukiona huwezi kutoka usiandike "tutaonana" halafu ukapotea, andika "wiki hii nimebanwa, jumapili jioni nakupigia", na upige kweli. Ukiwa kwenye daladala mrekodie mtu voisi, inatosha kabisa. Yule anayenuna kila ukisema una mtihani, mwache anune, ila aliyekuja kukuangalia ulipoumwa huyo mtafutie muda hata wa kuibia.

Magrupu ya simu bonyeza myuti leo.