Jozi Moja ya Buti kwa Meru na Kilimanjaro: Maswali na Majibu

*Tuko marafiki wanne. Wikiendi tunatembea kwenye maporomoko ya karibu, Septemba tunapanda Meru, na Desemba Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Tununue jozi mbili kila mtu, za njia za kawaida na za kileleni, au moja itatosha?* (Msomaji, Sakina, Arusha)

Moja itatosha, mradi muichague kwa kazi inayochukua saa nyingi, si kwa picha ya kileleni. Machame mnaanzia kama mita 1,800 kwenye tope la msituni, na Desemba mvua za vuli mara nyingi bado hazijaisha. Kisha kuna siku kadhaa za mawe na vumbi kati ya mita 3,000 na 4,600. Baridi kali yenyewe mnaipata usiku mmoja, mkitoka kambi ya Barafu (mita 4,673) kwenda kilele cha Uhuru (mita 5,895). Kiatu kizito cha kupandia barafu, kile cha kilo mbili na zaidi kwa jozi na soli isiyopinda, kitawafaa usiku huo na kuwatesa siku zote zilizobaki. Raba za kukimbilia nazo zitawafikisha kambi ya Shira bila shida, halafu vidole vianze kulia.

Tafuteni buti ya shingo inayofunika kifundo cha mguu, ya kilo 1.1 hadi 1.5 kwa jozi, yenye utando wa kuzuia maji ndani. Meno ya soli yawe na kina cha milimita 4 au 5 na yaachane vizuri, kwa sababu yaliyobanana hujaa tope na kuteleza. Angalieni ulimi: uwe umeshonwa pande zote mbili hadi karibu na juu. Ulimi ulioachwa wazi hupitisha maji na changarawe hata kama kiatu kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hakiingii maji.

Halafu kijaribuni kwa mikono. Kikunjeni: kinapaswa kupinda pale vidole vya mguu vinapokunjika, si katikati ya wayo. Kisha kizungusheni kama mnakamua nguo. Kikikubali kirahisi, kiacheni. Kwenye majivu ya Meru kuanzia Saddle Hut, kituo cha mwisho cha kulala, kwenda juu, hatua kila mara inarudi nyuma kidogo, na kiatu laini kinauachia mguu kazi yote.

Baridi ya kileleni itatulizwa na soksi na gaita, kile kitambaa kinachofungwa kuanzia juu ya kiatu hadi chini ya goti. Gaita pia huzuia changarawe wakati wa kushuka, na watu wengi huijutia wakiwa tayari wameshaiacha nyumbani.

*Mjini navaa namba 42. Kuna anayeniambia nichukue 43, mwingine 44 ili soksi nyingi zienee. Nimsikilize nani?* (Msomaji, Majengo, Moshi)

Usimsikilize yeyote, pima. Fanya hivyo jioni, maana mguu huvimba baada ya kutwa nzima, na mlimani utavimba zaidi. Vaa soksi zilezile za mlimani, simama kisigino kikiwa kimegusa ukuta, weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (si lazima kiwe kidole gumba), kisha pima kwa milimita. Pima miguu yote miwili ufuate mrefu. Dukani toa insoli ya kiatu, isimamie, uangalie nafasi iliyobaki mbele: milimita 10 hadi 15. Chini ya hapo kucha zitaumia unaposhuka. Zaidi ya hapo kisigino kitapandapanda na kuleta malengelenge.

Namba peke yake haitoshi kwa sababu viwanda havilingani. Vaa, funga kamba, teremka ngazi au mteremko wowote ulio karibu, upigepige ncha chini. Kidole kikigusa mbele, rudisha kiatu hata kama muuzaji anaapa kwamba kitatanuka. Ngozi hutanuka kwa upana, urefu hauongezeki.

Kuhusu soksi nyingi: jozi tatu ndani ya kiatu kinachobana huleta baridi kuliko jozi moja ndani ya kiatu chenye nafasi. Mguu hupashwa joto na damu, na damu ikibanwa hakuna soksi itakayosaidia. Vaa moja nyembamba ya nailoni au poliesta, juu yake moja nene ya sufu. Za pamba ziache mjini, zinanyonya jasho na kubaki nalo.

*Nimeona buti za mlima za mtumba pale sokoni Memorial, karibu mpya, meno ya soli hayajalika hata kidogo. Bei nzuri. Kuna ubaya?* (Msomaji, Soweto, Moshi)

Ubaya unaweza kuwa hapohapo kwenye upya wake. Kati ya soli ya chini na ngozi kuna tabaka laini linalopunguza kishindo. Kwenye buti nyingi za mlima tabaka hilo ni poliuretani, nayo huharibiwa polepole na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa ndani ya boksi. Baada ya miaka mitano hadi kumi, hasa kwenye joto, hugeuka kuwa kitu cha kumomonyoka. Buti iliyovaliwa mara mbili kule Ulaya, ikakaa kabatini miaka minane, ikaingia kwenye belo na kusafiri baharini, huonekana nzuri kuliko zote mezani. Inashika vizuri kwa kutwa moja, kisha soli nzima inabanduka, mara nyingi zote mbili kwa siku moja, kwa kuwa umri wao ni mmoja.

Kwa hiyo usianze na meno ya soli. Geuza kiatu pembeni, tafuta tabaka hilo la kati, lisukume kwa ukucha wa kidole gumba. Lililo zima hubonyea kidogo na kurudi. Lililokufa hubaki na alama, hutoa unga, au huonyesha nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka. Kunja kiatu kwa nguvu mara kumi huku ukiangalia pale soli inapokutana na ngozi. Mstari ukifunguka hata kwa unene wa karatasi, mrudishie mwenyewe. Funua ulimi pia usome lebo. Baadhi ya viwanda huandika mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na ukikuta imepita miaka kumi, bei nzuri si nzuri tena.

Ingiza mkono ndani hadi kisigino. Bitana ikiwa imetoboka hapo, utando wa maji nao kwa kawaida umetoboka, na hicho sasa ni kiatu cha kiangazi tu. Hakuna ubaya kukinunua ukilijua hilo, mradi ulipe bei ya kiatu cha kiangazi.

Ukishanunua, kivae wiki mbili au tatu hapa chini kwenye milima ya kawaida kabla ya kukipeleka getini. Kikitaka kufa, kifie Uru.

*Kwenye belo langu zimetoka buti ngumu za plastiki zenye vifungo vya chuma pembeni. Wateja wananiuliza kama zinapandia Kilimanjaro.* (Mfanyabiashara wa mtumba, Arusha)

Hizo karibu hakika ni buti za kutelezea kwenye theluji kwa skii, vile vibao virefu vinavyofungwa miguuni. Alama zake: vifungo vitatu au vinne vya kubana badala ya kamba, shingo ndefu inayoegemea mbele, soli ngumu tambarare, na vipande vya plastiki vya mraba vilivyochomoza mbele na nyuma, ambavyo hunaswa na kishikio cha skii. Nyingine zina vitobo viwili vya chuma pembeni mwa ncha na swichi ya kulegeza shingo nyuma ya kisigino. Hizo ni za watu wanaopanda mlima wa theluji kwa miguu wakiwa na skii kisha wanateremka kwa skii hizohizo. Kwenye theluji yao ni bora kuliko chochote. Kwenye mawe ya ukuta wa Barranco, kule Kilimanjaro, kifundo hakikunjiki, soli inateleza, na goti ndilo hulipa.

Buti ya plastiki iliyo ya kupandia kweli ina kamba, ina soli ya mpira yenye meno, na kiatu laini cha ndani kinachotoka chote. Hata hiyo ogopa iliyozeeka. Ganda la plastiki ya zamani huweza kupasuka ghafla kwenye baridi bila kutoa dalili.

*Soli ya buti yangu imeanza kufunguka mbele. Fundi anasema aizungushie uzi pande zote. Nikubali?* (Msomaji, Njiro)

Kwanza fanya ule mtihani wa ukucha hapo juu. Tabaka la kati likiwa limeshakuwa unga, gundi itashika unga tu, na uzi utakata kilichobaki. Likiwa zima, tatizo ni gundi, na gundi ndiyo dawa. Uzi unaopita kwenye ngozi hutoboa utando wa maji kila inchi.

Mwambie fundi afungue sehemu yote iliyolegea, akwangue gundi ya zamani kwa msasa pande zote mbili, asafishe vumbi na kuacha pakauke kabisa. Apake gundi nyembamba pande zote mbili, asubiri dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, apake tena na kusubiri tena, ndipo agandamize na kupigapiga kwa nyundo. Kifunge kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli na ukiache saa 24. Kosa la kawaida ni kugandamiza gundi ikiwa bado mbichi kwa sababu mteja amesimama anasubiri. Usisimame pale.

*Mimi ni mgumu (mpagazi wa mlimani), kila safari viatu vinalowa siku ya kwanza. Kuvianika karibu na jiko kunaharibu?* (Msomaji, Marangu)

Ndiyo. Joto la jiko hulegeza gundi na kukausha ngozi mpaka ipasuke kwenye mikunjo. Toa insoli na kamba, jaza karatasi za gazeti, badilisha zikilowa, na usiku viweke ndani ya hema. Asubuhi vaa soksi kavu hata kama kiatu bado kina unyevunyevu. Msituni, kama una gambuti, tembea nazo na ubebe buti kavu kwa ajili ya juu. Wala usipande na viatu vilivyochoka kwa kukosa hela: Kilimanjaro Porters Assistance Project, yenye ofisi Moshi, huwaazima wagumu nguo za mlimani bila malipo. Ulizia na viatu hapohapo.

*Kila nikishuka Kilimanjaro kwa njia ya Mweka kucha zinakuwa nyeusi, na kiatu ni namba sahihi.* (Msomaji, Usa River)

Kutoka Uhuru hadi kambi ya Mweka unashuka takriban mita 2,800 siku moja, mara nyingi na kamba zilezile ulizofunga usiku kwa kupandia. Simama Barafu uzifunge upya. Gonga kisigino chini ili mguu urudi nyuma, acha kamba za juu ya vidole zilegee, kisha pale mguu unapokutana na kifundo zungusha kamba mara mbili badala ya moja kabla ya kuvuta. Mzunguko huo hushika, kamba za mbele hazikazi na za juu hazilegei. Malizia shingo ukiikaza vizuri. Na kata kucha siku mbili kabla ya safari, si usiku wa kuamkia.

*Nahitaji vyuma vya barafu vya kufunga chini ya viatu?* (Msomaji, Sakina)

Kwa njia za Machame, Marangu au Rongai, kwa kawaida hapana. Theluji ikianguka usiku na kuganda karibu na Stella Point, ukingoni mwa kreta, vile vya minyororo midogo yenye mpira wa kuvuta vinatosha, na vinakaa juu ya buti yoyote. Muulize kiongozi wako hali ya juu siku mbili kabla, si mwezi mmoja kabla.