Muulize Shangazi: Foleni ya Ohio na sentensi ya pili

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nasoma sayansi ya siasa, mwaka wa pili. Mhadhiri wetu anasema mwaka 2004 Rais George W. Bush wa Republican alimshinda John Kerry wa Democrat kwa sababu siku hiyohiyo majimbo 11 yalipiga kura ya kukataza ndoa za jinsia moja kwenye katiba zao, Ohio likiwemo. Uliwahi kuandika hapa kwamba uliishi Ohio. Ni kweli ndoa ndiyo iliyomrudisha Bush Ikulu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilikaa Columbus miaka 19 kabla ya kurudi Tanga, na Jumanne ile ya tarehe 2 Novemba 2004 nilikuwa kwenye foleni. Nilitoka zamu ya usiku kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, mikono inanuka jiki, nikafika shuleni kabla mlango haujafunguliwa saa kumi na mbili na nusu. Foleni ilikuwa imeshatoka ukumbini na kuzunguka maegesho. Mvua ya Novemba ya kule haina kelele kama ya kwetu, inakulowesha taratibu mpaka kwenye soksi. Mashine zilikuwa tatu kwa umati wote ule. Dada mmoja nisiyemjua akanikaribisha chini ya mwavuli wake, tukawa wanne. Nilibonyeza kitufe cha mwisho saa tatu na robo. Ilikuwa kura yangu ya kwanza Marekani. Uraia nilikuwa nimeuapia mwaka mmoja nyuma.

Sasa nikuungamie jambo ambalo hata marehemu mume wangu sikumwambia. Nilimchagua Kerry. Halafu kwenye Hoja Namba 1, ile ya kuandika katika katiba ya Ohio kwamba ndoa ni ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, nikabonyeza Ndiyo. (Lile neno “mmoja” la pili lilinikumbusha babu yangu na wake zake watatu, nikacheka peke yangu mbele ya mashine.)

Hatukuwa wachache. Hoja ilipata kama asilimia 62, Bush akapata kama 51. Piga hesabu mwenyewe: hata tukisema kila aliyempa Bush kura alibonyeza Ndiyo, bado katika kila watu kumi kuna mmoja aliyekubali hoja na kumkataa Bush. Wala haikuwa ajabu. Kerry mwenyewe alikuwa akisema ndoa ni ya mke na mume. Alichokataa ni kubadili katiba ya nchi nzima, na aliunga mkono wapenzi wa jinsia moja wapewe haki zao kwa muungano wa kiraia, yaani hadhi ya kisheria iliyo karibu na ndoa bila kuitwa ndoa.

Mwulize na hili mhadhiri wako. Mwaka 2000, pasipo hoja yoyote ya ndoa, Bush alimwacha Al Gore, mgombea wa Democrat, hapo Ohio kwa kura kama 165,000. Mwaka 2004, hoja ikiwa kwenye karatasi, alimwacha Kerry kwa kama 118,000. Pengo lilipungua! Michigan na Oregon nazo zilipitisha marufuku siku ileile, na zote mbili zikaenda kwa Kerry. Florida haikuwa na hoja hiyo mwaka ule, ikaenda kwa Bush.

Ila sitamvunjia heshima mwalimu wako. Kuna pahali anagusa ukweli. Waliohojiwa wakitoka vituoni walionyesha kwamba Bush alipata asilimia 16 hivi ya kura za Weusi wa Ohio, kutoka 9 mwaka 2000. Mimi nililiona likipikwa. Mwenzangu wa kufulia, mama wa Kimarekani Mweusi, mshika dini kwelikweli, alikuja kazini na karatasi aliyoikuta chini ya waipa ya gari lake baada ya ibada. Upande mmoja familia imeshikana mikono, upande wa pili majina ya wagombea. Tangu enzi za wazazi wake nyumba yao ilikuwa ya Democrat. Aliikunja ile karatasi, akaiweka kwenye mfuko wa aproni, na wiki nzima hakuitupa.

Kwa nini 2004 hasa? Tarehe 18 Novemba 2003 mahakama ya juu ya Massachusetts iliamua kwamba kuwanyima watu wa jinsia moja ndoa kunapingana na katiba ya jimbo hilo. Februari 24, Bush akasimama Ikulu akataka katiba ya Marekani ibadilishwe. Hapo ndipo ninapokuomba uangalie kalenda badala ya hotuba. Marekebisho ya katiba yanataka theluthi mbili ya Seneti na theluthi mbili ya Bunge la Wawakilishi, kisha idhini ya majimbo 38. Seneti ilipiga kura tarehe 14 Julai 2004, siku chache kabla ya mkutano mkuu wa Democrat. Ilikuwa kura ya kufunga mjadala tu, ili hoja yenyewe ipigiwe kura, inayohitaji 60, zikapatikana 48. Bunge la Wawakilishi likapiga Septemba 30: 227 kwa 186, mbali na theluthi mbili. Kila aliyejua kuhesabu alijua matokeo kabla. Uchaguzi ulipopita, Januari 2005, Bush akaliambia gazeti la Washington Post kwamba maseneta wengi wanaona sheria iliyopo inatosha, kwa hiyo halipo la kusukuma. Uchaguzi wa wabunge wa 2006 ulipokaribia, hoja ikafufuka, ikapata 49 Seneti, ikalala tena. Ni kama yule jamaa wa mtaani anayekumbuka kukarabati msikiti kila anapotaka udiwani.

Na meneja wa kampeni ya Bush ya 2004, Ken Mehlman, mwaka 2010 alitangaza kwamba yeye mwenyewe ni shoga, akasema anajuta. Hilo nakuachia.

SWALI: Shangazi, kwani Ohio haikuwa na sheria ya kawaida ya kukataza ndoa za jinsia moja? Kwa nini mhangaike na katiba?
Mama Wawili, Mombasa

JIBU: Ilikuwepo, dada yangu, na ya motomoto. Gavana Bob Taft, Republican, aliitia saini Februari 2004. Lakini sheria ya bunge haikutoi kitandani siku ya mvua. Hoja ya katiba inahitaji sahihi za wananchi, Ohio zilihitajika zaidi ya 320,000, na kila anayetia sahihi ni mtu uliyeshaonana naye mlangoni. Sababu waliyoitaja wao ni majaji: sheria jaji aweza kuifuta, katiba ya jimbo hawezi kirahisi.

Ila kilichoniuma mimi ni kingine. Hoja ilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza, ya mume na mke, ndiyo iliyokuwa kwenye mabango. Ya pili ilisema jimbo na mamlaka zake zisiweke wala kutambua hadhi yoyote ya kisheria kwa watu wasiooana inayokusudia kufanana na ndoa. Taft mwenyewe aliipinga Hoja Namba 1, pamoja na maseneta wote wawili wa Republican wa Ohio, Mike DeWine na George Voinovich, wakisema imepanuka mno. Mimi sikuisoma. Mgongo unauma, watu mia wako nyuma yangu, nani asome?

Miezi michache baadaye, msichana mmoja wa zamu yetu alikuja na jicho limevimba. Mwanamume aliyekuwa akiishi naye alimpiga kwa kiti cha jikoni. Hawakuwa wameoana. Ilikuwa wakati uleule ambapo mawakili wa wanaume wa namna hiyo walikuwa wamegundua ile sentensi ya pili: kama jimbo haliwezi kutambua wasiooana, basi sheria ya ukatili wa nyumbani inamlindaje hawara? Machi 2005 hakimu mmoja wa Cleveland alikubali hoja hiyo, mahakama nyingine zikaikataa, na kwa miaka miwili mwanamke hakujua atakayemsikiliza ni nani. Yule msichana alinionyesha barua ya wakili wa yule mwanamume, tumekaa juu ya marundo ya mashuka, nikaitambua ile lugha. Nilikuwa nimeipigia Ndiyo.

Mahakama ya Juu ya Ohio iliumaliza mvutano 2007: kumlinda anayepigwa na anayeishi naye siyo kumpa ndoa. Kufikia hapo binti alikuwa ameshahamia kwa mama yake, jimbo jingine.

Marufuku yenyewe ilivunjwa na mtu wa Ohio hukohuko. Jim Obergefell wa Cincinnati alifunga ndoa na John Arthur mwaka 2013 ndani ya ndege iliyosimama uwanjani kule Maryland, Arthur akiwa taabani kwa maradhi yasiyo na tiba. Ohio ikakataa kumwandika Obergefell kama mwenzi kwenye cheti cha kifo. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo tarehe 26 Juni 2015, majaji watano kwa wanne, iliruhusu ndoa hizo nchi nzima. Maneno ya Hoja Namba 1 yamebaki kwenye katiba ya Ohio, sentensi zote mbili, ila hayawezi kumzuia mtu kuoa.

SWALI: Na sisi Uganda, kwa kukataza ndoa hizo kwenye katiba, tulitanguliwa na Ohio au tuliwatangulia?
Ssebo, Kampala

JIBU: Mlifuata mwaka mmoja baadaye. Ibara ya 31 ya katiba yenu iliongezewa kifungu cha kupiga marufuku ndoa za jinsia moja mwaka 2005. Lakini fungua sheria yenyewe ya marekebisho, usiishie kwenye kifungu hicho. Sheria ileile ndiyo iliyoondoa ukomo wa mihula miwili ya rais, na Februari 2006 Museveni akagombea tena. Wewe uliyekuwa Kampala wakati ule, niandikie: mtaani mlikuwa mnabishania kifungu kipi?