Utabiri uliofika mbegu zikiwa zimeshafukiwa

Kosa langu kubwa katika kazi ya ugani nililifanya kwa mdomo. Nilitoka kwenye mkutano wa utabiri wa msimu uliokutanisha wataalamu wa nchi kadhaa, mkononi nina ramani, na upande wetu umepakwa kijani. Nikawaambia wakulima, "Mwaka huu mvua ni nyingi." Wakapanda mahindi ya muda mrefu. Mvua kweli ilikuwa nyingi, ila ilichelewa wiki tatu, ikamwagika siku chache, kisha ikakata mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Ukijumlisha milimita, utabiri ulikuwa sahihi. Ghalani hakukuingia kitu, na kwa misimu miwili hakuna aliyenisikiliza.

Vijana wanaoingia kwenye miradi ya mabadiliko ya tabianchi huniuliza waanzie wapi, maana kila andiko siku hizi lina "ushirikiano wa kikanda" ukurasa wa kwanza. Huwa nawaambia waanze na kalenda ya mkulima, wahesabu kurudi nyuma. Ananunua mbegu lini? Analima lini? Taarifa ikifika baada ya hapo, hata ingekuwa nzuri namna gani, haimsaidii.

Ushirikiano wenyewe siubezi. Mvua inayonyesha kwako huamuliwa na mambo ya mbali, likiwamo joto la bahari, na idara ya hali ya hewa ya nchi moja haiwezi kuyafuatilia yote peke yake. Ndiyo sababu nchi za kusini mwa Afrika zilianza mikutano ya pamoja ya utabiri mwaka 1997, na zile za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki zikafuata 1998. Kituo cha tabianchi cha ICPAC, kilicho chini ya IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki, huwakutanisha wataalamu wa nchi 11 mara tatu kwa mwaka, kabla ya kila msimu. Nchi za Sahel, ule ukanda mkavu ulio kusini mwa jangwa la Sahara, ziliungana mapema zaidi. Ukame uliwafundisha, wakaunda CILSS, kamati yao ya pamoja ya kupambana na ukame, mwaka 1973. Kwa hiyo ramani zipo. Kinachokosekana mara nyingi ni ile safari ya mwisho, kutoka kwenye ramani hadi kwenye jembe, na kwenye bajeti nyingi nilizopitia ndiyo iliyopewa fungu dogo kuliko chai ya warsha.

Mimi niliokolewa na mawe. Utabiri wa msimu hausemi mvua itanyesha kiasi gani. Unagawa uwezekano mara tatu: juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Tuseme ni asilimia 45, 30 na 25. Mkulima ukimtajia hizo, atakuangalia tu. Basi nikatia mawe 20 kwenye mfuko: tisa meupe ya mvua nyingi, sita mekundu ya wastani, matano meusi ya mvua haba. Nikamwomba mama mmoja mzee achomoe bila kutazama. Akatoa jeusi. Akaligeuza kiganjani, akasema, "Kumbe hata mkituambia mvua nyingi, ukame bado umo mfukoni." Sijawahi kusikia maelezo bora kuliko hayo, na nimehudhuria semina nyingi. Siku hiyo hiyo wakaanza kupanga wenyewe: sehemu kubwa ya shamba mbegu ya muda mrefu, kipande mbegu ya muda mfupi, kona ya bondeni mtama.

Ukikaa na wataalamu wa utabiri wa kanda, usiridhike na jumla ya mvua. Uliza itaanza lini, mtawanyiko ukoje, na kama kuna dalili ya vipindi vikavu katikati. Mkulima huvuna kutokana na hayo. Nawe usiende mikono mitupu. Tuligawa vipima mvua kwa kaya chache, wakaandika kila asubuhi kwenye daftari, na takwimu hizo zikapelekwa juu. Vituo vya kupima ni vichache mno vijijini, na mtu aliyechangia namba huuliza maswali tofauti na yule anayesubiri kuletewa.

Lakini kama fedha zinatosha jambo moja tu, zitumie kwa ziara za wakulima. Mwaka 1989 wakulima 13 kutoka Illéla, Niger, walipelekwa Yatenga, Burkina Faso, kuona mashimo ya zaï, yale ya kupandia yanayotegewa maji na kutiwa samadi kwenye ardhi iliyokauka ngumu kama sakafu. Waliporudi, baadhi wakajaribu kwao. Mwaka uliofuata ulikuwa wa ukame, na mashamba yenye mashimo hayo ndiyo yaliyotoa mavuno ya maana. Baada ya hapo majirani hawakuhitaji kuhubiriwa. Safari ya watu 13 ilifanya kazi ambayo sijaona mabango yakiifanya.

Katika kupanga ziara, chagua mwenyeji kwa hali ya hewa. Jirani wa mpakani ana mvua kama yako, mtabadilishana malalamiko. Tafuta mahali ambako leo pana joto na uhaba wa maji mnaoutarajia kwenu miaka ijayo. Pelekeni wanaoshika jembe, wanawake wakiwa nusu angalau. Wenyeviti wana safari zao. Na muombeni mwenyeji awaonyeshe pia shamba lililomshinda. Sisi tulijifunza zaidi kwenye shamba la namna hiyo kuliko kwenye lile la maonyesho.

Mtakaporudi mkiitaka mbegu mliyoiona huko, mtagonga mwamba wa sheria. COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ilipitisha kanuni mwaka 2014 ili aina ya mbegu iliyoidhinishwa katika nchi mbili wanachama iweze kuingia kwenye orodha ya kanda, na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wana utaratibu unaofanana. Kwenye karatasi ni rahisi. Ulizeni mapema, kabla ya safari, kama mbegu hiyo imo kwenye orodha na nani anaizalisha, msije mkabeba vifuko mifukoni na kuingiza wadudu na magonjwa.

Yule mama nilimkuta tena kabla ya msimu uliofuata. Nilifika na karatasi zangu za utabiri, nikaanza salamu na utangulizi. Alikuwa ameshaokota mawe yake, yamepangwa kwenye ungo kwa rangi. Akanikatiza: "Mwanangu, safari hii meusi ni mangapi?"